Ethi ya Nyumba ya Maziwa

Siku yangu ya kwanza kazini niliuliza swali moja tu, na wanaume wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Ilikuwa hapa hapa Garissa, kwenye nyumba mpya za walimu. Nilikuwa mjane, umri bado mdogo, watoto wanataka kula, na shule niliiacha darasa la tatu. Waliniita kwa kibarua cha kuchimba shimo, nikachimba. Nilipomaliza nikamwona mkubwa wa kazi, ambaye wote tulimwita Kontrakta, akisimamisha nondo ya shaba ndani ya lile shimo. Akaigonga kwa nyundo mpaka ikazama karibu yote, akaifunga waya wenye rangi ya kijani na manjano, kisha akaamuru tufukie.

Nikamwambia, "Sasa mnapanda shaba? Itaota?"

Wacha wacheke. Kontrakta hakucheka. Alikuwa mtu wa kule milimani kwenye baridi, Mkristo wa kuimba nyimbo za kanisa akiwa juu ya ngazi, na sauti yake ilikuwa mbaya kama ya punda mwenye kiu. Lakini alikuwa na subira ya kumweleza mtu kitu.

"Mama," akasema, "stima ikitoroka kwenye waya wake, haitulii. Inatafuta ardhi. Usipoitengenezea njia, itapita kwa mtu. Leo mtoto atashika friji, na yeye ndiye atakuwa njia. Hii nondo ndiyo njia yenyewe. Tunaiita ethi."

"Na mchanga huu mkavu utakubali kupitisha?"

"Wewe unajua nini habari ya mchanga?"

"Baba yangu alichimba visima kwenye laga, ile mito ya msimu, maisha yake yote, na mimi ndiye niliyekuwa nashuka shimoni. Huu mchanga wa juu umekufa. Ulio hai uko chini."

Akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye ndala, akasema, "Kesho uje na jembe lako." Basi, hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Niliingia kuchimba shimo, nikatoka nimekuwa bibi wa wajukuu wengi.

Nyinyi vijana mnaosoma ufundi, nisikilizeni, kwa maana ethi ndiyo kazi ambayo kila fundi anataka kuikimbia. Taa inaonekana, tajiri anaisifu. Soketi inaonekana. Ethi imezikwa, hakuna anayeisifu, na ikiharibika hakuna anayejua mpaka siku bomba la maji linapomuuma mtu. Ethi nzuri inataka vitu vitatu: nondo iende chini kweli kweli, klempu inayoshika nondo na waya ikazwe isicheze, na udongo unaoizunguka uwe na unyevu. Kontrakta alikuwa na mashine ya kuipima. Namba ikiwa ndogo, ujue njia ni pana, stima inapita bila kusukumana. Namba ikiwa kubwa, njia imezibwa. Kusoma vitabu sikujua sana, lakini ile namba niliisoma haraka kuliko mtu yeyote, maana ndiyo iliyoamua kama tutaenda nyumbani au tutachimba tena.

Tulizunguka nchi hii ya kaskazini mashariki. Takaba tulikuta mwamba. Nondo iliingia kidogo tu, ikajikunja kama mkia wa mbwa mwoga. Kontrakta akanifundisha kwamba usipoweza kwenda chini, unakwenda kando: unachimba mtaro mrefu, unalaza utepe wa shaba ndani yake, unaufunika udongo mzuri. Nilichimba mtaro ule mpaka wenye maduka wakadhani tunaleta maji, wakaanza kutuletea chai na mikebe yao. Walipojua si maji, chai ilikatika siku hiyo hiyo. Mandera tulikuwa chini ya Mhandisi mmoja, kijana mkali wa viatu vinavyong'aa, ambaye hakukubali kazi yoyote bila kuivuta kwa mkono wake. Alikuwa anashika waya wa ethi na kuutikisa kama mtu anayenunua mbuzi. "Kama unatoka kwa mkono wangu," alikuwa anasema, "utatoka kwa kitu chochote." Nilimchukia wiki nzima, halafu nikaona yuko sawa.

Lakini kazi ninayotaka kuwasimulia ni ya Griftu.

Pale Griftu kina mama walikuwa na nyumba ya maziwa. Maziwa ya ngamia yanaletwa alfajiri kutoka malishoni, wanayachuja, wanayaweka kwenye friza, na gari la Wajir linayachukua. Kabla ya zile friza, jua likipanda maziwa yalikuwa yanachachuka, wanabaki kuyagawa kwa majirani. Mwenye kuwaongoza alikuwa Hawa, mwanamke mfupi mwenye mdomo usiojua likizo. Jengo lenyewe lilikuwa la Haji, mzee wa mji, ambaye watu walimpelekea kesi zao za mifugo na visima. Aliwaazima kina mama jengo kwa moyo mzuri. Sasa moyo ulikuwa unageuka, kwa sababu friza zilianza kuuma watu.

Tulipofika Hawa alitupokea mlangoni na kidole chake hewani.

"Eddo, tazama," akaniambia. Eddo kwetu ni shangazi, na aliniita hivyo ingawa hatuna undugu. "Hii inauma. Ile inauma. Mlango wa chuma unauma. Jana mke wa ndugu yangu amerushwa pale, ndoo nzima imemwagika. Haji amesema ikiuma mtu tena, siku ya soko anachukua ufunguo wake, anaweka magunia ya sukari humu. Na sisi turudi kukaa juani na majerikeni yetu."

Kontrakta akafungua ubao wa swichi, akapima. Alikuwa amezeeka kidogo wakati huo, lakini bado anaimba. Akanionyesha, nami ninawaonyesha nyinyi. Friza nzee kila moja huvuja stima kidogo, kama mtungi unavyotoa jasho. Tone moja moja. Zote zimeunganishwa na waya mmoja wa ethi, kwa hivyo kila moja inaleta tone lake pale. Ethi ikiwa nzima, matone yote yanakwenda ardhini, wewe hujui. Ethi ikikatika, matone yanakusanyika na kukungojea. Utakayoigusa yoyote, zote zinakuuma pamoja. Na ethi yao ilikuwa nini? Kipande cha chuma chenye kutu, kimechomekwa kwenye mchanga mkavu nje ya ukuta, kama kigingi cha kufungia mbuzi.

Tukafanya kazi vizuri. Nilichimba shimo refu, tukashindilia nondo mpya. Kontrakta akafanya vile walivyofanya siku zote kule kwao milimani: akaizungushia tabaka la makaa na tabaka la chumvi, makaa na chumvi, mpaka juu. Makaa yanashika unyevu, chumvi inasaidia stima kupita. Makaa hatukuyatafuta mbali, maana kina mama wanafukiza vyombo vya maziwa kila siku kwa vijinga vya moto, na makaa yao yalijaa uani. Juu kabisa akamwaga ndoo ya maji ya chumvi, akamwambia Hawa, "Kila wiki linywesheni shimo kidogo hivi hivi." Mashine ikatoa namba ndogo. Kina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikafungua friza kwa mikono yangu miwili iliyolowa, nikacheka mbele yao.

Tukabaki Griftu na kazi nyingine ya zahanati. Asubuhi ya siku ya soko, Hawa akaja mbio, shungi linaburuzika nyuma yake.

"Eddo! Inauma!"

"Ipi?"

"Zote! Na Haji yuko njiani!"

Tulipofika, Haji alikuwa ameshasimama pale, ndevu zake nyekundu za hina, fimbo mkononi, mkono wa pili ameuweka wazi akingoja ufunguo. Kontrakta hakumsalimu hata. Alizunguka nyuma ya ukuta, na tukasikia kelele.

"Mwizi! Nimeibiwa shaba!"

Sote tukakimbia. Shimo letu lilikuwa limefukuliwa. Makaa yametapakaa. Waya wa ethi ulikuwa umechomoka kwenye klempu, umelala juu ya mchanga. Kontrakta alikuwa anarukaruka, anataka polisi, anataka chifu. Mimi nikainama nikatazama. Nondo ilikuwa palepale. Klempu ya shaba palepale.

"Kontrakta," nikasema, "huyu ni mwizi gani anaacha shaba anaiba udongo?"

Akaacha kurukaruka. Na hapo likaja jibu lenyewe kwa miguu yake minne. Ngamia jike mkubwa, mwenye kengele ya mti shingoni, alitoka upande wa soko polepole kama mwenye nyumba anayerudi. Akatupita sote bila hata kututazama. Akaingiza shingo shimoni, akaanza kulamba. Analamba, anasukuma kwa mdomo, anapiga kwato, analamba tena, macho ameyafumba kwa raha. Waya ulipomzuia akaushika kwa meno akautupa kando.

Chumvi! Ulikuwa msimu wa ukavu, na ngamia wakati huo atatembea siku nzima kutafuta mahali pa chumvi. Kule milimani hakuna ngamia, kwa hivyo Kontrakta hakuwa na sababu ya kulifikiria hilo. Nasi, watoto wa ngamia, tulikuwa tumefurahia makaa tu. Tulikuwa tumewapikia karamu kando ya njia ya soko, na kila wiki Hawa angeongeza mchuzi.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Hawa hakucheka. Alikuwa anaangalia alama ya moto kwenye paja la yule ngamia. Kisha akageuka taratibu.

"Adeer," akamwambia Haji, kwa ile sauti ya heshima ya kumwita baba mdogo, "hii alama ni ya nani?"

Haji akakohoa. "Alama iko nyingi."

"Hii ni ya nani?"

"Ya kwangu."

Kina mama wote wakasema "Aaa!" kwa pamoja.

"Basi nina kesi," Hawa akasema. "Naileta kwako, maana wewe ndiye mwenye kuhukumu hapa. Mnyama wa mtu ameharibu mali ya watu. Mwezi uliopita mbuzi wa jirani yangu walikula kibanda cha majani cha mtu, ukasema mwenye mbuzi ajenge upya. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Sasa ngamia wako amekula ethi yetu. Sema."

Mngemwona Haji! Mzee yule angeweza kukasirika akaondoka, na nyumba ingekwisha siku hiyo, kwa sababu ufunguo ulikuwa haki yake. Hawa alikuwa amesimama kifua mbele. Haji akamtazama ngamia wake, ambaye bado alikuwa analamba bila aibu. Akavuta jerikeni tupu, akaligeuza, akaketi juu yake. Hapo nikajua ataamua kesi. Kwetu mzee akiketi, maneno yameanza.

"Mlizungusha ua?" akauliza.

"Hapana."

"Mlifunika?"

"Hapana, Adeer."

"Mliweka chumvi wazi, kando ya njia ya ngamia, msimu wa ukavu." Akamgeukia Kontrakta. "Wewe, mtu ya mlimani. Ukiweka nyama mbele ya mbwa, mbwa iko na makosa?"

"Kidogo," Kontrakta akasema.

Haji akacheka, meno machache aliyobaki nayo yote yakaonekana. "Haya. Makosa ni nusu kwa nusu. Nusu yenu: mtajenga tena mahali mnyama haifiki, na mtafunika. Nusu yangu: jengo inabaki kwenu, mimi siitishi ufunguo, na huyu mama mchimbaji akisema inataka maji, punda yangu italeta mkokoteni ya maji mpaka mvua inyeshe." Akainua fimbo. "Lakini ikiuma tena, na ngamia yangu iko mbali, hiyo ni kesi ingine."

Kwa hivyo mnaona, ile ethi ya pili haikuwa ya mchezo. Nyumba nzima ya wale kina mama ilisimama juu yake.

Kontrakta alitaka tuiweke mahali pale pale na kuizungushia ukuta. Hawa akakataa. Akasema ukuta utabomoka, na maji ya Haji yatakwisha mvua ikinyesha, halafu ukavu ukirudi nani atakubali kumwaga maji mchangani? Mwanamke wa huku akimwaga maji chini bila sababu, mkwe wake atamsema mpaka uzeeni. "Maji ya suuza ya mwisho," akasema, "tunamwaga wapi? Pale uani, kwenye pembe. Kila siku. Chimbeni hapo." Kontrakta akapiga paja lake. Vyombo vya maziwa vinaoshwa asubuhi na jioni, mwaka mzima, ukavu au mvua. Shimo likiwa pale litakunywa bila mtu kukumbuka kulinywesha.

Nikachimba kwenye pembe ile, ndani ya ukuta. Udongo wa juu ulikuwa tayari baridi, mweusi, unashikana kiganjani. Nilipofika chini nikauonja kwa vidole kama alivyokuwa akifanya baba yangu, nikawaambia wateremshe nondo. Safari hii chumvi hatukuweka hata punje. Tuliweka makaa ya kina mama, na udongo wa mfinyanzi ambao punda wa Haji aliuleta kutoka laga, kwa maana ule unashika maji kama mchoyo anavyoshika shilingi. Waya tukaupitisha ndani ya bomba la plastiki. Klempu niliikaza mwenyewe, nikaitikisa kama Mhandisi wa Mandera, ikakataa kutoka. Juu tukaweka kifuniko cha zege chenye kishikio, ili fundi ajaye aweze kufungua na kukagua. Na kwenye ubao wa swichi Kontrakta akaongeza swichi inayojikata yenyewe stima ikianza kutoroka.

Inspekta wa stima akaja kutoka Wajir, mtu mnene, mpole, amechoshwa na barabara. Akachomeka vijiti vyake viwili ardhini, akaunganisha nyaya, akabonyeza. Akatazama namba, akaibonyeza tena kana kwamba mashine inamdanganya.

"Msimu huu? Griftu?" akasema. "Nani amefunga hii?"

Kontrakta akatunyooshea mkono mmoja mmoja. "Mama huyu amechimba. Hawa amechagua mahali. Haji ametoa udongo. Na ngamia wake ametukagua mara ya kwanza, akatuangusha."

Inspekta akatia sahihi akicheka. Lakini kina mama hawakuangalia sahihi. Walikuwa wanamwangalia Haji. Mzee alisimama mbele ya friza kubwa, akanyoosha fimbo yake, akaigusa. Tik, tik.

"Hapana, Adeer," Hawa akasema. "Fimbo ni mti, haisikii kitu. Weka mkono."

"Mimi nimeona inatosha."

"Weka mkono. Na kiatu uvue, sisi tunafanya kazi miguu chini."

Mimi na Kontrakta tulijua namba ilikuwa nzuri, lakini nawaambia ukweli, hata mimi nilianza kuomba dua. Haji akavua ndala. Akakanyaga sakafu iliyolowa. Akasema "Bismillahi" kwa sauti ya mtu anayepanda ndege, akabandika kiganja chote kwenye mlango wa friza, macho amefumba.

Akafumbua jicho moja. Akaweka na mkono wa pili. Halafu akaufungua mlango, akaingiza kichwa ndani kwenye ule ubaridi, akakaa humo muda mrefu mpaka tukaanza kutazamana.

"Adeer, uko salama?" Hawa akauliza.

Sauti ikatoka ndani ya friza: "Niache. Nje iko jua."

Vigelegele vya siku ile nadhani vilifika Wajir kabla ya Inspekta.

Baada ya Griftu nilifanya kazi miaka mingine. Kontrakta alirudi kwao kwenye baridi, na mpaka leo ananipigia simu kila Idd, nami nampigia Krismasi, na swali lake la kwanza huwa ni lile lile, kama ngamia yule bado yuko hai. Mimi niliacha kazi magoti yalipokataa kushuka shimoni. Sikulia. Nimefunga ethi kutoka hapa Garissa mpaka mpakani Mandera, na hakuna mtu aliyekufa katika nyumba niliyoifunga mimi. Hilo nalisema bila haya. Wenye shahada wana vyeti ukutani. Mimi nina watu wanaofungua friji bila kufikiria. Mjukuu wangu wa kike sasa anasoma umeme chuoni, ananiambia, "Ayeyo, siku hizi kuna unga maalumu wa kuweka kwenye shimo la ethi, unauzwa kwa mfuko." Vizuri sana, nikamwambia, wekeni unga. Lakini kabla ya kuufungua huo mfuko simama kwanza kwenye ule uwanja, utazame ni nani anapita hapo, na maji ya nyumba yanamwagwa wapi, na uwaulize wanawake, maana wao ndio wanaoyamwaga.

Nyumba yangu niliifunga mwenyewe. Nondo iko kando ya mlango wa uani, chini ya jiwe ninaloketi juu yake kutia udhu. Alfajiri natoka na birika, naosha mikono, uso, na hii miguu iliyochoka, na maji yote yanateremka kwenye jiwe na kupotea chini. Mimi najiandaa kusimama mbele ya Mola wangu, nayo ethi inakunywa. Kisha nainuka, nimelowa hivyo hivyo, nawasha taa ya uani kwa kidole chenye maji, naingia kuswali.